Kiwiko kimoja, safari nane: hesabu ya maumivu ya mkono Singida

Tuanze na nauli. Kutoka Manyoni mjini hadi Singida mjini ni karibu kilomita 120 za lami. Nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, Desemba 2023 kwa basi la daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kila kilomita. Kwenda ni shilingi 5,816, kurudi ni hiyohiyo, jumla 11,633. Mgonjwa wa kiwiko akiandikiwa vipindi 8 vya fiziotherapia, idadi ya kawaida kwa maumivu ya aina hii, makondakta watachukua shilingi 93,062 kabla mtaalamu hajaugusa mkono wake.

Ongeza siku 8 za kazi. Kima cha chini cha mshahara wa kilimo kilichoanza kutumika Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Ukikigawa kwa siku 26 unapata 5,385 kwa siku, na siku 8 zinakuwa shilingi 43,077. Nauli na siku zilizopotea zinafika 136,139. Zimebaki shilingi 3,861 tu utimie mshahara wa mwezi mzima. (Mishahara ya sekta binafsi ilipandishwa tena kuanzia Januari 2026, lakini nauli ya 2023 naipima kwa mshahara wa 2023.)

Katika hesabu hiyo hakuna bodaboda ya kutoka kijijini hadi stendi, hakuna chai ya njiani, wala shilingi moja ya tiba yenyewe. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, haikumlipia mtu basi. Anayeishi Manyoni anaweza kuwa na njia fupi zaidi: Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, Itigi, ipo karibu kilomita 40, na kwa kiwango kilekile safari 8 za kwenda na kurudi zingekuwa shilingi 31,021. Hiyo ni theluthi ya nauli ya Singida mjini. Siku 8 za kazi, hata hivyo, zinabaki palepale.

Basi swali la mchambuzi ni moja: kwa shilingi 136,139 za barabarani, mgonjwa anapata nini?

Anachopata, kwa sehemu kubwa, ni mikono ya mtu mwingine. Mtaalamu anapapasa msuli wa kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, akitafuta mahali palipojikaza kama kamba. Ndani ya kamba hiyo huwa kuna fundo dogo linalouma likibonyezwa, na maumivu yake hayakai hapo hapo. Unabonyezwa karibu na kiwiko, unasikia kwenye mgongo wa kiganja. Unabonyezwa shingoni, gumba linauma. Tiba ya mafundo ya misuli imejengwa juu ya tabia hiyo: kwamba panapouma mara nyingi sipo panapoanzia.

Ushahidi wa kwanza wenye nidhamu wa jambo hilo ulitoka London mwaka 1938. Daktari John Kellgren alidunga maji ya chumvi ya asilimia 6 kwenye misuli, ikiwamo yake mwenyewe na ya wenzake, kisha akachora mahali maumivu yalipojitokeza. Baada yake Mmarekani Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy kuanzia 1961, alitumia miongo kadhaa akichora ramani za aina hiyo msuli kwa msuli. Pamoja na David Simons alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao kikubwa mwaka 1983 na ya pili mwaka 1992. Kwenye ramani zao, misuli ya nyuma ya kigasha, ile inayoinua kiganja, hupeleka maumivu kwenye upande wa nje wa kiwiko na mgongo wa mkono. Msuli mkubwa wa nyuma ya mkono wa juu nao hukitia kiwiko maumivu. Misuli ya pembeni mwa shingo hufika hadi kwenye gumba na kidole cha shahada. Ndiyo maana mtaalamu mzuri hakuchui kifundo cha mkono peke yake. Huanzia shingoni akishuka.

Mkono wa Singida una sababu nyingi za kujikaza. Misuli inayoinua kiganja hufanya kazi hata pale ambapo hakuna kinachoinuliwa. Ukikaza vidole kwenye mpini, misuli ya mbele ya kigasha huvuta kiganja kikunjike, na ya nyuma hulazimika kukizuia kisikunjike. Kila mshiko mkali ni mvutano wa pande mbili, na upande wa nyuma ndio mwembamba. Chukua jembe la mkono. Tuseme lina kilo 1.5 pamoja na mpini, na mtu analiinua mara 20 kwa dakika kwa saa 5 za asubuhi. Hiyo ni mara 6,000, yaani tani 9 zimepita kwenye viwiko viwili kabla ya chakula cha mchana. Makadirio hayo ni yangu na kila shamba lina yake, ila hata ukiyapunguza nusu bado unabaki na tani 4.5 kwa siku, na palizi haiishi kwa siku moja.

Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kulima, kupanda na kupalilia vinarundikana kwenye wiki chache. Ng'ombe wa plau huokoa mikono wakati wa kulima. Palizi kwa kaya nyingi inabaki kazi ya jembe la mkono. Kuanzia Mei huja alizeti: kukata vichwa, kuanika, kupiga kwa fimbo. Kwenye vitunguu ni kung'oa na kukata majani kwa kisu, siku nzima kwenye mkunjo uleule wa vidole. Pale kwenye miamba ya mji wa Singida na vijiji vyake kuna wanaoponda kokoto kwa nyundo, na nyundo ina ubaya ambao jembe halina, kwa sababu jiwe gumu hurudisha mtikisiko wote mkononi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Iramba na Ikungi wana nyundo hiyohiyo na tindo juu yake. Sekenke, huko Iramba, dhahabu imekuwa ikichimbwa tangu enzi za Wajerumani.

Mkoa huu pia umewahi kuona teknolojia iliyopunguza kazi moja ikaiongezea mikono nyingine. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni huko Arusha mashine ya kukamulia alizeti kwa wenzo wa kusukumwa kwa mkono, ikasambaa vijijini nchini na nje ya nchi. Ilikuwa msaada wa kweli kwa kaya isiyo na umeme. Aliyeushika ule wenzo saa nzima ndiye aliyejua ulilipiwa na nini. Leo vinu vya umeme vimeichukua kazi hiyo karibu yote, na sijasikia kiwiko kilichoulilia ule wenzo.

Sasa ushahidi. Hapa namba lazima zisomwe kwa jicho kali, maana kuna zinazopendeza kuliko zinavyostahili.

Inayopendeza kuliko zote ni asilimia 86.8. Karel Lewit, daktari wa Chekoslovakia, aliripoti mwaka 1979 kwamba alichoma sindano kavu, isiyo na dawa, kwenye sehemu 312 zenye maumivu kwa wagonjwa 241, na kwenye asilimia 86.8 maumivu yalipoa papo hapo. Matangazo ya tiba hii huipenda sana namba hiyo. Lakini "papo hapo" ni neno pana, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Mtu akichuliwa vizuri mahali panapouma hupata nafuu jioni ile. Bibi yeyote anayekanda kwa samli analijua hilo bila utafiti.

Namba ya pili haipendezi. Mwaka 2009 Nicholas Lucas na wenzake walikusanya tafiti zilizouliza swali la msingi kabisa: wataalamu wawili wakimpapasa mgonjwa mmoja, kila mmoja kwa wakati wake, wanaliona fundo mahali pamoja? Tafiti 9 zilikidhi masharti, na kwa ujumla wake hazikutosha kuthibitisha kwamba kupapasa ni kipimo cha kuaminika. Mwaka 2015 John Quintner, Geoffrey Bove na Milton Cohen waliandika kwamba nadharia nzima ya mafundo imeshindwa kusimama, na kwamba maumivu hayo huenda yanatoka kwenye mishipa ya fahamu. Ubishi huo haujaisha. Mimi nashika njia ya kati: maumivu ni ya kweli, kupoa kwake ni kwa kweli, ila maelezo ya kwa nini bado yana mashimo, na anayekuuzia tiba hii kwa uhakika wa asilimia mia anakuuzia na mashimo.

Namba zinazomhusu moja kwa moja mgonjwa wetu wa Manyoni zilitoka Uholanzi mwaka 2002. Nynke Smidt na wenzake waliwagawa kwa kura watu 185 wenye maumivu ya upande wa nje wa kiwiko. Kundi la kwanza lilichomwa sindano ya steroidi. La pili lilipata fiziotherapia, ikiwamo kuchuliwa kwa kina na mazoezi. La tatu liliambiwa lisubiri, lipunguze kinachouma, litumie dawa za maumivu ikibidi. Baada ya wiki 6 waliofanikiwa walikuwa asilimia 92 kwenye sindano, 47 kwenye fiziotherapia na 32 kwa waliosubiri. Mtu angefunga hesabu hapo, kila zahanati ingenunua steroidi. Baada ya wiki 52 mambo yaligeuka: sindano 69, fiziotherapia 91, kusubiri 83.

Sindano iliyoongoza mwezi wa kwanza na nusu ikashika mkia mwaka ulipoisha. Leanne Bisset na wenzake, huko Australia, walipata picha ileile mwaka 2006 kwa watu 198: kati ya walionufaika na sindano, asilimia 72 maumivu yaliwarudia. Mwaka 2013 Brooke Coombes, Australia pia, aliwafuatilia watu 165 na kukuta marudio ya asilimia 54 kwa waliochomwa steroidi, dhidi ya 12 kwa waliochomwa maji yasiyo na dawa. Kwa hiyo anayekuambia "choma sindano moja tu, urudi shamba kesho" anakukopesha, na riba inakuja baada ya mavuno.

Rudi kwenye 91 na 83. Tofauti ni alama 8 katika kila watu 100, ndogo kiasi kwamba watafiti wenyewe hawakuihesabu kuwa ya uhakika. Tuichukue hivyohivyo, kwa ukarimu. Ina maana watu 12 au 13 wanapaswa kufanya safari zote 8 ili mmoja apone zaidi ya ambaye angepona kwa kukaa nyumbani. Zidisha 12.5 kwa shilingi 136,139 na unapata takribani shilingi milioni 1.7 za nauli na siku za kazi kwa kila mtu mmoja wa ziada. Na hiyo ni fiziotherapia kamili yenye mazoezi. Tafiti hizi hazikupima kubonyeza fundo peke yake.

Nina pingamizi dhidi ya hesabu yangu mwenyewe, na ni zito. Mholanzi aliyeambiwa asubiri alikuwa na uwezo wa kusubiri. Angeweza kubadilishiwa kazi, akakaa mezani, akalipwa. Mama wa Ikungi mwenye ekari 3 za mtama zilizozidiwa na magugu Januari hana mahali pa kupeleka mkono wake upumzike. Kwake kusubiri kuna bei: ama anaweka kibarua wa palizi, ama anakubali magugu yale mtama. Ndiyo sababu siwezi kusema "subiri tu" na kuweka kalamu chini. Anahitaji kitu cha kufanya, kisichomtoa shambani kutwa nzima.

Na kabla ya kufika hapo, tutazame upande wa wanaotibu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,008,058 mkoani Singida, kutoka 1,370,637 mwaka 2012. Ni ongezeko la asilimia 46.5 kwa miaka 10. Utafiti wa Finland uliochapishwa na Rahman Shiri na wenzake mwaka 2006 ulipima watu 4,783 wa miaka 30 hadi 64 na kukuta asilimia 1.3 wana ugonjwa huu wa upande wa nje wa kiwiko, na 0.4 wa upande wa ndani. Finland haina palizi, kwa hiyo naichukulia kama sakafu, si dari. Tuseme robo ya wakazi wa Singida wana umri huo: 502,014. Asilimia 1.3 yao ni watu 6,526.

Kila mmoja akipewa vipindi 8 vya nusu saa, kama kwenye utafiti wa Bisset, tunahitaji vipindi 52,208, yaani saa 26,104. Mtaalamu anayefanya kazi saa 8, siku 5, wiki 48 kwa mwaka ana saa 1,920. Gawanya: wataalamu 13.6 wasiofanya kitu kingine chochote mwaka mzima isipokuwa viwiko vya upande wa nje. Shirika la Afya Duniani linasema nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengemao chini ya 10 kwa kila watu milioni moja. Kwa kipimo hicho mkoa wa watu milioni 2 ungekuwa na wasiofika 20, wa fani zote, kwa waliopooza, waliovunjika miguu kwenye ajali za bodaboda, watoto wenye mtindio wa ubongo na kila anayetembelea magongo. Hakuna mganga mkuu wa mkoa mwenye akili timamu atakayewapeleka 13 kati yao kubonyeza vigasha, na mimi ningemshangaa akijaribu.

Badala yake tuhesabu somo moja. Watu 10 kwa kundi, saa moja, mara moja. Watu 6,526 wanakuwa makundi 653, saa 653. Hiyo ni theluthi ya mwaka wa mtaalamu mmoja.

Kwenye saa hiyo atafundisha nini? Kwanza kubonyeza kwenyewe. Kigasha kinawekwa mezani au pajani, na mkono wa pili unasugua fundo polepole kwa kuelekea upande mmoja, mara 10, kila mara kama sekunde 3. Asitumie gumba la mkono mzima peke yake, kwani mgonjwa wa mkono mmoja huishia na mikono miwili. Fundo la vitambaa vilivyofungwa imara, likibanwa kati ya kigasha na ukuta, linafanya kazi nzuri zaidi. Maumivu yawe ya kuvumilika. Mafundo 3 ni dakika moja na nusu, mara 6 kwa siku ni dakika 9, na kwa siku 42 zinakuwa dakika 378. Kliniki, kwa vipindi vyake 8, ingempa 240. Aliyebaki nyumbani amepata saa mbili na dakika 18 zaidi, na amezipata kati ya tuta na tuta.

Pili mazoezi, na hapa ndipo mimi ningeweka msisitizo kuliko kwenye kubonyeza. Chupa ya plastiki ya nusu lita ikijaa maji ina nusu kilo. Kigasha kilazwe mezani, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni. Inua kiganja na chupa kwa kusaidiwa na mkono wa pili, kisha kishushe peke yake taratibu. Mara 15, mizunguko 3. Utafiti mdogo wa Timothy Tyler wa 2010, wa watu 21, ulitumia zoezi la aina hii kwa kusokota kipande cha mpira, ukakuta alama za ulemavu wa mkono zimepungua kwa asilimia 76, dhidi ya 13 kwa waliofanya tiba ya kawaida pekee. Watu 21 ni wachache mno kujengea sera, ila chupa ya maji haihitaji sera.

Tatu mpini. Mshiko wa nguvu hupendelea kipenyo cha milimita 30 hadi 50. Mpini mwembamba mno, au uliolainishwa na miaka ukateleza, hulazimisha vidole kubana zaidi. Kipande cha mpira wa tyubu kilichozungushwa mahali pa kushika kinapunguza mbano na mtikisiko pia.

Mtaalamu ana jambo la nne la kufundisha, nalo lichukue robo nzima ya saa: mikono ambayo haifai kuchuliwa nyumbani. Ganzi inayomwamsha mtu usiku kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na nyama ya chini ya gumba ikianza kunywea, muda wa kusubiri umekwisha. Kidole kinachokwama kikikunjwa kina tatizo la ukano wake. Ganzi ya kidole kidogo pamoja na mshipa ulionenepa nyuma ya kiwiko, au baka lisilo na hisia kwenye ngozi, lazima vipimwe ukoma. Dawa zake hutolewa bure, na kuchelewa ndiko kunakokunja vidole. Uvimbe wenye joto na homa, mkono ambao mtu ameuangukia, maumivu ya mkono wa kushoto yanayokuja na kifua kubana: hawa wapande basi leo. Nauli ya siku hiyo ni halali yake.

Anayeweza kulifikisha somo hili vitongojini yupo kwenye mpango tayari. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii: 137,294 nchi nzima ndani ya miaka 5, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, ambavyo ni vitongoji 64,384 na mitaa 4,263. Singida ina asilimia 3.25 ya Watanzania. Kwa mgawo wa idadi ya watu tu, fungu lake lingekuwa wahudumu wapatao 4,465, yaani mgonjwa mmoja na nusu wa kiwiko kwa kila mhudumu. Kuwafundisha hao wote kwa makundi ya watu 10, saa moja kwa kundi, ni saa 447, kazi ya mtaalamu mmoja kwa wiki 11 hivi. Wiki hizo zikipangwa ziishe Novemba, somo litakuwa limeifikia mikono kabla ya palizi. Zikianza Februari, mikono mingi itakuwa imeshaumia, na wenye nayo watakuwa shambani wasifike kwenye somo.